Kitanda Kina Mwenyewe

Mke wangu hahitaji kuuliza ni nani amelala kwenye chumba chetu cha wageni. Kina vitanda viwili, na asubuhi akikuta kimoja shuka limevutwa hadi halina mkunjo, pembe zimekunjwa kama bahasha, na blanketi limepangwa upande wa kichwani, mraba kama tofali, husema, "Huyu alikuwa mtu wa Chumba cha Nne." Tumekuwa wazee sasa. Magoti yanalalamika, wawili wana sukari, mmoja haoni vizuri kwa jicho la kushoto, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuondoka nyumbani kwa mwenzake akiacha kitanda ovyo. Wake zetu hutucheka. Wangu, Mama Neema, huniambia kwamba jeshi lilinifundisha kutandika kitanda likasahau kunifundisha kuosha kikombe. Sibishani naye. Nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi kuliko nilivyokuwa afisa, na namshukuru Mungu kwa yote mawili. Lakini mtu akiniuliza ni wapi nilipojifunza kumkatalia mkubwa aliyekosea, sitamwonyesha madhabahu wala uwanja wa gwaride. Nitamwonyesha kitanda kimoja cha chuma, cha tatu kutoka mlangoni, ambacho hakikulaliwa na mtu kwa miezi mitano. Nayaandika haya kwa sababu mwenye kitanda hicho, Barasa, amekufa, na kwa sababu ya karatasi niliyoletewa siku mbili baada ya kifo chake.

Chumba cha Nne kilikuwa na vitanda sita, kabati sita za bati, na sakafu ya saruji nyekundu tuliyoisugua kwa nta mpaka ukaweza kujiona pua. Tulikuwa makadeti wa mwaka mmoja katika chuo cha maafisa, vijana ambao hatujajua ndevu vizuri. Kila asubuhi Sajini wetu alipita na kibao kilichokatwa kwa kipimo. Alikiweka juu ya blanketi lililokunjwa, na kama havikulingana, blanketi lilitoka dirishani, na mwenye blanketi akalifuata akikimbia. Chumba kilinuka rangi ya viatu, jasho na sabuni ya kipande. Chakula chetu kilikuwa maharagwe, ugali na kabeji, na chai tuliinywa kwenye vikombe vya bati vilivyounguza midomo. Wenzangu waliniita Padri, ingawa mimi si Mkatoliki, kwa sababu niliomba nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda. Langat, aliyelala kitanda cha pili, ndiye aliyenipa jina hilo. Siku moja alisimama nyuma yangu na kitambaa cha nta mkononi mpaka nikamaliza.

"Padri, omba ukiwa umesimama," alisema. "Hiyo sakafu nimeisugua kutoka saa kumi na moja. Mungu anakuona hata ukiwa juu."

"Akiomba amesimama atalala," Barasa akajibu kutoka kitanda cha tatu. "Umeshamwona kwenye gwaride. Anasinzia kama ng'ombe wa maziwa."

Barasa alizaliwa Bondeni, hapa hapa mjini Nakuru, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Alikuwa mrefu, mpole, na mkaidi kwa namna isiyokuwa na kelele. Hakubishana. Akikataa jambo alinyamaza tu, akakutazama kama mtu anayesubiri mvua ipite. Alikuwa wa kwanza katika karibu kila jambo tulilopimwa, na hatukumwonea wivu, maana jioni alikaa chini akatufundisha sote kusoma ramani kwa kutumia maharagwe yaliyopangwa sakafuni. Haragwe kubwa lilikuwa kilima, na Langat alikila kilima hicho kila tulipomaliza.

Mwezi wa saba tulipelekwa nyanda za juu, upande wa Keringet, kufanya zoezi la kutembea kwa ramani. Tulipangwa wawili wawili, mmoja akiwa kiongozi, na tulipewa siku mbili kufika kituo cha mwisho. Amri ilikuwa moja iliyo juu ya nyingine zote: usiingie nyumba ya raia, usile chakula cha raia. Barasa alikuwa kiongozi wangu. Anayejua Keringet mwezi wa saba anajua baridi ninayoisema. Mvua ya huko hainyeshi kwa hasira. Inakaa juu ya mtu kutwa nzima kama mgeni asiyeaga. Nilikuwa na kikohozi tangu tulipoondoka, nami nilikificha ili nisirudishwe. Siku ya kwanza alasiri, katikati ya shamba la viazi, miguu iliniishia. Nakumbuka matuta yale meusi, na uso wangu ukiwa kwenye tope, nikifikiri kwamba udongo una joto. Barasa alinigeuza, akaweka kiganja kifuani mwangu, akasikiliza. Kisha akanibeba begani, akachukua bunduki zote mbili, na akaelekea moja kwa moja kwenye moshi uliokuwa ukitoka juu ya paa la nyasi.

Mama wa nyumba ile hakutuuliza sisi ni nani. Alisema tu, "Ingieni, watoto. Huyu mbona amekuwa wa buluu?" Alinivua buti na soksi kama anavyomvua mtoto wake, akazitundika nguo zangu juu ya moto, akanifunika kwa gunia safi na blanketi lililonuka moshi. Alitupa maziwa ya moto, na viazi vilivyochemshwa na maganda yake, vikamwagwa kwenye sinia na chumvi kando. Nimekula kwenye meza nyingi tangu siku ile, nyingine zikiwa na vitambaa vyeupe na waheshimiwa. Sijala tena chakula kama kile. Barasa hakula. Alikaa karibu na mlango, bunduki mbili mapajani, akimwambia mama kwa upole kwamba yeye ameshiba, na mama akimwambia kwa upole kwamba yeye ni mwongo. Tulikaa pale mpaka alfajiri, nilipoweza kusimama. Tulifika kituo cha mwisho tukiwa tumechelewa saa nne, na Barasa alijibu maswali kwa kifupi, na mambo yangeishia hapo.

Lakini mama yule alikuwa mtu mwema, na watu wema hawajui kuacha kitu cha mtu. Tukiwa tumepanga mstari kusubiri malori, tulimwona akipanda kilima, mwavuli mkononi, kiroba cha viazi kichwani. Alimwendea Sajini moja kwa moja. Alimpa kiroba, zawadi kwa kazi yake ya kulea watoto wa watu, kisha akatoa kwenye kanga soksi moja ya kijani, iliyofuliwa na kukaushwa. "Kijana wenu yule mgonjwa ameisahau kwangu," alisema. "Mwambie asivae buti bila soksi, kifua hakitapona." Sajini aliipokea kwa heshima, akamshukuru. Kisha akageuka kututazama, na hapakuwa na mtu kwenye mstari ule aliyepumua.

Tuliitwa ofisini mmoja mmoja. Kapteni aliyeshughulikia jambo hilo hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu wa karatasi. Alimwambia Barasa aandike kwamba alivunja amri na kwamba alikosa, apewe adhabu ya gwaride la ziada, mambo yaishe. Mlango haukufungwa vizuri, nami nilikuwa kwenye benchi nje, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Nitaandika kwamba niliingia, Afande," Barasa alisema. "Nitaandika nilipolala na saa nilizokaa. Siwezi kuandika kwamba nilikosa."

"Ni maneno mawili tu, kijana."

"Ndiyo, Afande. Ndiyo hayo siyawezi."

Kisha nikaitwa mimi. Kulikuwa na jiko la mkaa kwenye kona ya ofisi ile, na Kapteni alinivutia kiti karibu nalo kwa sababu nilikuwa bado nakohoa. Karatasi yangu ilikuwa imeshapigwa chapa. Ilisema kwamba hali yangu siku ile haikuwa mbaya, kwamba ningeweza kuendelea kutembea, na kwamba niliingia nyumba ya raia kwa amri ya kiongozi wangu. Kapteni aliniambia nikitia sahihi nitarudi kwa wenzangu, na nikikataa tutafungasha virago sote wawili, mimi na Barasa. Nilinyosha mikono juu ya jiko nikaipasha joto. Kisha nikachukua kalamu. Kwa miaka mingi nimewahubiria watu juu ya yule mtume aliyeota moto uani huku akimkana Bwana wake, na sijawahi kumlaumu kwa sauti kubwa.

Barasa aliondoka siku hiyo hiyo, na sanduku lake la mbao. Matandiko yake yalirudishwa stoo, godoro likakunjwa katikati juu ya waya wa kitanda, kama desturi ya kitanda cha mtu aliyefukuzwa. Siku ile ilikuwa zamu yangu ya kuosha masufuria, na nilimsikia mpishi mmoja akimwambia mwenzake, "Yule mrefu wamemfukuza kwa sababu ya soksi." Mwenzake akauliza, "Aliiba?" Na wa kwanza akajibu, "Heri angeiba."

Asubuhi iliyofuata Langat alimaliza kutandika kitanda chake mapema. Akalikunjua godoro la Barasa. Akavua shuka moja kwenye kitanda chake mwenyewe, akalitandika pale. Tulikuwa na mablanketi matatu kila mmoja. Mmoja wetu akatoa la kwake, mwingine akatoa mto. Nilitoa blanketi langu la juu. Sajini alipoingia alisimama mbele ya kitanda kile.

"Hiki ni cha nani?"

"Kitanda kina mwenyewe, Afande," Langat akasema.

"Mwenyewe ni nani?"

"Kadeti Barasa, Afande."

Sajini alikipindua. Godoro likaanguka upande mmoja, blanketi likatoka dirishani, na sisi watano tukazunguka uwanja tukiwa tumelibeba godoro lile vichwani, kama siafu waliobeba panzi. Kesho yake Langat alikitandika tena. Sajini akakipindua tena. Mvua au jua, tulizunguka. Watu wa vyumba vingine walitoka kututazama. Mwanzo walicheka, baadaye wakaacha kucheka. Baridi ya usiku ilitupata kwa sababu ya mablanketi tuliyotoa, na hakuna aliyerudisha lake. Sijui ni lini hasa Sajini alichoka. Najua tu kwamba kulikuja asubuhi ambayo alipita mbele ya kitanda kile asikiguse. Na katika ukaguzi wa mwisho kabla ya kuhitimu, aliweka kile kibao chake juu ya blanketi la Barasa, akainama akatazama, akasema, "Pembe ya kushoto imelegea. Rekebisheni." Langat akarekebisha. Tulihitimu tukiwa watano, na chumba kilikuwa na vitanda sita vilivyotandikwa.

Barasa alirudi Bondeni akajifunza kuchomelea. Milango mingi ya chuma ya mji huu ni kazi yake, na ukiipiga utasikia kwamba haikulegea. Sisi tulitawanywa nchi nzima, lakini kila aliyepita Nakuru alishukia kwake. Nyumba yake ya baraza la mji ilikuwa na chumba kimoja cha kulala na kingine cha kila kitu, na mkewe, Mama Simiyu, alikuwa akipika mboga ya sukuma na kuku kwa sufuria ambayo sikuwahi kuiona ikiisha. Miaka kumi na miwili ilipita kabla sijapata nguvu za kumwambia juu ya karatasi yangu. Nilikuwa nimeandaa maneno, nimeyaombea. Alinisikiliza huku akichana chapati.

"Najua," alisema. "Kapteni alinionyesha kabla sijatoka."

Miaka kumi na miwili alikuwa akinikaribisha nyumbani kwake akijua.

"Ulikuwa na homa," akasema.

"Nilikuwa nimeshapona, Barasa."

"Basi ulikuwa na hofu. Nayo huwa inapona. Kula, chapati inapoa."

Mwaka huu, alipofariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, nilikuwa katibu wa chama cha kozi yetu. Chama hiki kina desturi. Mwenzetu akifa, sita kati yetu huvaa koti la buluu na tai ya kozi, hubeba jeneza, na katibu husoma jina lake na namba aliyopewa chuoni. Mwenyekiti ni Langat, brigedia mstaafu, mkulima wa viazi Kuresoi, mtu anayeheshimiwa na watu wengi nikiwemo mimi. Alikuja kwangu asubuhi, akakaa kwenye kiti chake cha kawaida, Mama Neema akatuletea chai na nduma. Kisha akatoa karatasi kwenye bahasha. Ilikuwa barua ya kwenda kwa Mama Simiyu. Ilitoa pole. Ilieleza kwamba kwa mujibu wa katiba ya chama, mwanachama ni yule aliyehitimu, na kwa hiyo wenzake watahudhuria kama marafiki, bila koti wala kusoma jina. Yeye alikuwa ameshatia sahihi. Nafasi ya sahihi ya katibu, yaani yangu, ilikuwa wazi.

"Tusiifanye kuwa ngumu, Padri," alisema. "Tutaenda kama majirani."

"Wewe unakaa Kuresoi. Ujirani gani?"

"Nyinyi watu wa kanisa mnajua kusumbua." Alitabasamu kidogo, kisha akaacha. "Sikiliza. Mwaka jana tulimkatalia mjane wa yule aliyeacha mafunzo mwezi wa tatu. Alilia kwa simu, nikamwambia sheria ni sheria. Leo nikimbeba Barasa, nitamwambia nini yule mama?"

"Mwambie tulikosa."

"Ni maneno rahisi kwako."

"Si rahisi, Brigedia." Huwa simwiti Brigedia nyumbani kwangu, na alilisikia hilo. "Wewe ndiwe uliyekitandika kile kitanda. Si mimi. Wewe ndiwe uliyemjibu Sajini."

"Nilikuwa na miaka ishirini."

"Ulikuwa na haki ukiwa na miaka ishirini. Imeenda wapi?"

Alinisukumia kalamu. Si kwa ukali. Aliisogeza tu mezani, kama mtu anayempitishia mwenzake sukari. Niliitazama kalamu ile, na nikahisi joto kwenye viganja vyangu, joto la jiko la mkaa ambalo limezimika zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Nikamwambia. Nilimweleza yote, ofisi, kiti kilichovutwa, karatasi iliyopigwa chapa, jina langu chini yake. Alikuwa hajui. Hakuna aliyejua isipokuwa Barasa. Nilimwambia kwamba karatasi ya kumtoa Barasa kati yetu nimeshatia sahihi mara moja maishani, na kwamba Mungu amenipa umri mrefu ili nipate nafasi ya kuikataa ya pili.

Langat aliikunja bahasha tupu mara mbili. "Kwa hiyo tulizunguka uwanja na lile godoro kwa sababu yako," alisema.

"Ndiyo. Na mimi nilikuwa nimelishika upande wa nyuma."

Alisimama, akachukua kofia yake, akaacha chai ikiwa imejaa. Barua aliiacha mezani. Niliichana vipande vinne, na kabla ya mchana nikawaandikia wenzetu kwenye kundi la simu kwamba katibu atasoma jina la Kadeti Barasa kaburini, akiwa amevaa koti la kozi, na anayetaka kumwondoa katibu afanye hivyo baada ya mazishi. Wengine walikasirika. Mmoja aliandika kwamba uzee na dini vikikutana vinaharibu nidhamu. Nilimjibu kwamba nampenda, na kwamba mazishi ni saa nne.

Tulikuja watatu wa Chumba cha Nne, na makoti yetu ya buluu. Wana wa Barasa walishika pande nyingine. Langat hakuja. Nilivua tai yangu nikampa Mama Simiyu aiweke juu ya jeneza, naye akaigeuzageuza mikononi. "Baba Simiyu hakuwahi kuvaa tai," alisema. "Itamnyonga." Akacheka, akalia, akaiweka. Nilisoma jina lake na namba yake kwa sauti ya gwaride, ambayo nilidhani nimeshaipoteza. Tulimzika kama mwenzetu. Nilirudi nyumbani nikiwa na amani, na nikiwa na huzuni, maana nilijua nimempoteza Langat. Nilimwombea kila asubuhi. Sikumwomba msamaha kwa nililolikataa, wala sitamwomba.

Wiki sita zilipita. Kisha jioni moja Langat alifika langoni na fimbo na mkoba wake mdogo. Hulala kwetu kila anapokuja Nakuru kwa daktari wa goti. Amefanya hivyo miaka tisa. Hakusema kitu juu ya yaliyopita. Alimwuliza Mama Neema juu ya wajukuu, akalalamikia bei ya mbolea, akala ugali wote na kuomba nyongeza. Aliniita Padri mara moja, alipotaka nimpitishie chumvi. Alfajiri alituaga kwa haraka akaenda kwa daktari.

Nilikuwa bado mezani Mama Neema aliponiita. Nilimkuta amesimama mlangoni mwa chumba cha wageni. Kitanda alicholalia Langat kilikuwa kama kawaida yake. Lakini kile cha pili hakikuwa na matandiko. Mama Neema alikuwa ameyatoa juzi kuyafua, akaacha godoro tupu, na mablanketi yalikuwa kabatini. Sasa kilikuwa kimetandikwa. Shuka halikuwa na mkunjo. Blanketi lilikuwa mraba. Mzee mwenye goti bovu alikuwa ameinama pembe zote nne, na ya kushoto aliikaza kuliko zingine.

"Amelala kwenye viwili?" Mama Neema aliuliza. "Au kulikuwa na mtu mwingine? Niyatoe?"

"Acha yakae," nilimwambia. "Kitanda kina mwenyewe."